Dume Aliyebaki Kiotani

Tamra dada yangu, uko wapi? Niko kinamasini na Baba, sijui hata nifanye nini.

Unajua tangu apate kiharusi hacheki, maneno yenyewe ya kuhesabu. Leo nimemsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka ukingoni. Akaona samaki-jua, wale wadogo wenye mistari myeusi, dume katulia juu ya kiota chake mchangani. Akaniambia, "Velda, nataka nimwone kwa karibu."

KASEMA, Tamra! Sentensi nzima!

Nikamzoa samaki na wavu, nikamtia kwenye chupa ya kioo, nikampa Baba ashike. Samaki hazidi kidole gumba. Baba akacheka! "Huyu jamaa katoroka jela na sare zake!" Kacheka mpaka machozi. Na mimi nacheka, napiga picha.

Kisha akatazama majini.

"Velda. Mayai yake."

Visamaki vingine, Tamra. Kundi zima limevamia kiota, vinakula mayai aliyokuwa anayalinda. "Mrudishe! Mrudishe, mwanangu!" Nikamrudisha mbio. Akavifukuza vyote, peke yake. Lakini hakukuwa na kitu tena. Hata yai moja!

Na bado anapepea mapezi juu ya mchanga mtupu, kama vile mayai yapo.

Nimembembeleza Baba twende nyumbani. Sandwichi za sukuma wiki hajagusa. "Siondoki mpaka yeye aondoke. Sisi ndio tuliomtoa."

Haondoki, Tamra. Wote wawili hawaondoki.