Raba zangu hazina ng'ombe

Jumatatu, Nakuru. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya Molo imenifuata mpaka hapa mjini. Huko nje kumelowa. Ndani yangu kunawaka.

Shajara, nimekasirika. Niliiombea hasira hii jana jioni, nikaiombea tena leo asubuhi nikifunga kilemba, na bado iko, imekaa hapa kifuani kama mgeni asiyejua kuaga.

Niko kwenye cyber anakofanya kazi binti yangu Shiru. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu na kunifundisha kuandika kwa vidole viwili. Nimetoka kliniki ya sukari sasa hivi. Wacha niseme yote hapa, maana nikimwambia mtu wa kanisani, maneno yatamfikia Esta kabla mimi sijafika nyumbani.

Esta ni wifi yangu, mke wa kaka yangu. Tena ndiye msimamizi wa mlango kanisani kwetu. Sitamwita jina baya hapa. Nimeshamwita ya kutosha njiani nikija.

Kanisa letu ni dogo, la mabati, na mtu haingii na viatu. Sababu tumefundishwa tangu utotoni: ngozi ya mnyama aliyekufa haikanyagi mahali patakatifu. Kwa hivyo kila mtu anavua mlangoni, awe amevaa buti za jeshi au malapa ya bafuni, halafu anaingia miguu mitupu. Nimevua maisha yangu yote bila kunung'unika. Mimi ndiye mpiga ngoma. Nikianza kupiga, simenti inapata joto yenyewe, ndivyo nilivyozoea kusema.

Lakini siku hizi miguu yangu haisikii vizuri. Ni hii sukari. Juzijuzi nilikanyaga changarawe kanisani, nikapiga ngoma ibada nzima ikiwa imenizama kwenye kidole gumba, na sikujua. Esta ndiye aliyeiona damu sakafuni. Unafikiri aliniletea kitambaa? Alisema, watu wote wakisikia, "Mguu huo Mungu ndiye anayejua unakopitapita."

Mimi! Mguu wangu unapita sokoni kuuza viazi na kanisani kumsifu Mungu. Hauna njia nyingine.

Wiki iliyopita muuguzi wa kliniki hakunificha. Alinishika kisigino akaniambia, "Mathe, kutoka leo hukanyagi chini bila kiatu. Hata nyumbani, hata kanisani. Kinaanza kidonda kidogo kama hiki, halafu tunaongea mambo ya kukata." Nikamuuliza, na soksi je? Akasema soksi haizuii changarawe, na sakafu yenyewe ikiwa baridi na mbichi ni hatari vilevile. Malapa nayo yanaacha vidole wazi. Anataka kiatu kilichofunika mguu, laini, kisichobana.

Basi hapo ndipo nilipokuwa. Nibaki na mguu wangu, au nibaki na ngoma yangu.

Shiru akasema, mama, kwani katazo ni la viatu ama ni la ngozi? Mtoto huyu ana kichwa. Akanipeleka kwa Mama Bhavna, Mhindi mwenye duka la viatu huku mjini, mcha Mungu kwa dini yake. Mama huyo hagusi ngozi. Duka zima huoni hata mkanda. Ana raba tu, za kutembea na za kukimbia, zimepangwa ukutani kama maua. Nilimweleza shida yangu. Hakucheka. Alichukua raba moja akaikunja mbele yangu kama chapati. "Hii hapana ng'ombe, hapana mbuzi, hapana nguruwe. Kitambaa na mpira tu. Gundi pia mimi nauliza kwanza, kama iko ya mifupa mimi narudisha. Wewe mama ya maombi, mimi pia mama ya maombi. Mimi nadanganya wewe, halafu naambia Mungu nini?"

Nikamwamini pale pale.

Sasa wacha niungame. Zilikuwepo nyeusi. Sikuchukua nyeusi. Nilichukua za kijivu zenye mstari wa zambarau ubavuni, soli nyeupe nene kama mkate, na kamba za kijani. Kukanyaga nazo ni kama kukanyaga ndani ya unga. Nilipofika nyumbani niliziweka juu ya meza, nikala chakula changu nikiziangalia. Mwanamke wa umri wangu! Lakini tangu niolewe sijawahi kuvaa kitu cha mguuni ambacho mtu angegeuka kukitazama mara ya pili, na nilikuwa nataka mtu ageuke.

Aligeuka Esta.

Jana, Jumapili. Nilifika mlangoni na gauni langu jeupe, kilemba cheupe, na raba. Nilikuwa nimezifuta mpaka soli. Esta akanitazama kutoka chini kwenda juu, halafu akarudi chini tena akakaa hukohuko.

"Mama Shiru. Umekuja kuabudu ama umekuja kukimbia mbio?"

Wanawake waliokuwa wakivua viatu wakacheka. Mmoja akaongeza, "Mwacheni, anafanya mazoezi ya kwenda mbinguni, asije akapitwa kwenye kona." Hata mimi ningecheka siku nyingine. Nikamwambia Esta kwa heshima kwamba raba hizi hazina ngozi, kwamba muuguzi amenikataza kukanyaga chini, kwamba ninaomba kupita.

Akaweka mkono kwenye mlango. "Musa mwenyewe aliambiwa avue."

"Musa hakuwa na sukari."

Lilinitoka tu. Kucheka kukaisha. Watu wakaanza kuja kutoka ndani kuona. Kaka yangu akaja pia, akasimama katikati yetu akiangalia paa, kama kawaida yake mke wake na dada yake wakianza.

Mzee Yakobo, mzee wa kanisa letu, akatoka na fimbo yake. Ni mtu wa haki, hilo sitamnyima. Alisikiliza Esta, akanisikiliza mimi, akasema polepole, "Katazo ni la ngozi. Tumewavua watu wote kwa sababu hatukuwahi kuona kiatu kisichokuwa na shaka. Kama hiki hakina ngozi kabisa, sina neno la kumzuia huyu mama. Nani anaweza kutuonyesha?"

Esta anajua. Kila mmoja wetu aliyewahi kubabua kichwa cha mbuzi anajua. Ngozi ukiichoma inanuka nywele. Akaomba kiberiti jikoni, akaleta na wembe. Akaniambia nivue cha kulia. Nikakaa kwenye benchi, mguu juu, nikaona wifi yangu akikata ulimi wa raba yangu mpya kwa ndani, kipande kama ukucha. Angeweza kuvuta uzi. Hakuvuta uzi. Alikata, na alichukua muda wake.

Akakichoma mbele ya wote. Kikajikunja, kikadondosha tone jeusi. Kikanuka ndoo ya plastiki iliyosahaulika karibu na jiko. Mzee Yakobo akanusa. Kaka yangu akanusa. Esta akanusa na akanusa tena. Nilimwona akiitafuta ile harufu ya nywele kwa pua yote, na haikuwepo.

"Hakuna mnyama hapa," akasema Mzee Yakobo. "Apite."

Ningepita tu. Ndivyo ninavyojiambia tangu jana. Ningefunga kamba zangu za kijani, nikapita, nikaenda kukaa kwenye ngoma yangu, na leo ningekuwa naandika hapa sifa na shukrani.

Lakini Esta alininong'oneza nilipokuwa nampita, "Bado ni majivuno. Plastiki ama ngozi, wewe ulitaka tuione miguu yako."

Ni kweli. Ndiyo maana iliniuma.

Nikageuka, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "Basi na ngoma, Esta? Kiberiti kiko mkononi mwako. Nenda ukaichome ngoma uinuse! Si ni ile ngozi ya fahali tuliyemchinja kwenye harusi ya mwanao? Uliila nyama yake, ukaileta ngozi yake mbele ya madhabahu, leo unanikatia mimi kiatu!"

Mvua peke yake juu ya mabati.

Nilijisikia vizuri, Shajara. Siwezi kukudanganya. Kwa muda wa pumzi moja nilijisikia vizuri sana.

Halafu nikamwona Mzee Yakobo akiitazama ngoma. Iko pale mbele, mahali pake pa siku zote, imevaa ngozi ya kahawia na nywele kidogo bado kwenye ukingo. Nadhani hakuna aliyewahi kuitazama hivyo. Ukiwa unakipiga kitu kila Jumapili, husemi hiki ni ng'ombe, unasema hii ni ngoma.

"Amesema kweli," akasema mzee. "Itoeni."

Nikamwambia, mzee, sikuwa na maana hiyo. Akasema maana si yangu. Akasema hawezi kumpima mjane kama mimi kwa kiberiti halafu aifumbie macho ngoma. Akamwita kaka yangu.

Na hapa lazima nieleze. Wakati wa vurugu za uchaguzi, mwanzo wa mwaka huu, watu walipokimbia usiku na magodoro na watoto, kaka yangu alikimbia na ngoma ile mgongoni. Nyumba yake ilibaki nyuma. Sasa ndiye aliyeambiwa aitoe. Aliinua, akapita nayo katikati ya watu akiwa ameikumbatia, akaenda kuiweka nje chini ya ukingo wa paa. Hakunitazama.

Tukaabudu bila ngoma. Sijui kama niseme tuliabudu. Makofi yalikuwa yanatawanyika kama kuku. Wimbo mmoja ulianzishwa juu sana ukafa, ukaanzishwa tena chini sana ukafa. Mimi nilikaa pale mbele na mikono mapajani, miguu yangu imekaa ndani ya mpira na kitambaa, mikavu, yenye joto kwa mara ya kwanza kwenye sakafu ile. Kila jicho lilikuwa linanichoma kisogoni. Nilishinda. Nilikuwa mtu pekee mwenye viatu, na hakukuwa na kazi yoyote ya mimi kufanya.

Tulipotoka, manyunyu yalikuwa yanapeperushwa na upepo mpaka pale ngoma ilipowekwa. Ngozi ya ngoma ikilowa inalegea, inatoa sauti ya mtu mwenye mafua. Nikaharakisha kwenda kuifunika.

Ilikuwa imeshafunikwa. Shali ya Esta, ile ya sufu anayovaa sikukuu tu, imezungushwa ngoma yote na kufungwa fundo kwa chini. Alikuwa ametoka katikati ya ibada, na mimi nilikuwa nimedhani ametoka kwa hasira. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni pake mabega wazi, anatetemeka, anawapa watu viatu vyao.

Unajua hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote? Kuliko wembe. Ningependa nimchukie mtu ambaye angeiacha inyeshewe.

Nilipompita akasema, "Umefurahi?"

Kaka yangu alinipita njiani bila salamu. Mtoto wa mama mmoja!

Leo muuguzi amefungua kidole akakiangalia. Kinakauka. Akauliza ninavaa nini, nikamwonyesha. Akasema, "Wacha, mathe, umependeza!" Akaona ulimi uliokatwa, akauliza ni panya. Nikasema ndiyo, panya. Mungu anisamehe.

Nimekaa hapa na raba zangu chini ya meza ya Shiru nikijiuliza swali moja. Nirudi Jumapili kumwambia Mzee Yakobo kwamba nitavua, ili ngoma irudi? Najua ndicho wanachokingoja. Najua Esta ameshapanga uso atakaonipokea nao.

Sitavua. Kidole hiki ni changu, hakuna atakayenipa kingine. Na ngoma siwezi kuiombea irudi ndani, kwa maana nilichosema ni kweli hata kama nilikisema kwa ubaya. Nikikigeuza leo, nitakuwa nimekuwa mwongo pia, juu ya ukali.

Shiru amesoma haya juu ya bega langu, akaniuliza, kwani mtungi wa plastiki ukipigwa hauna sauti? Mtoto huyu ana kichwa.

Basi nikitoka hapa napitia sokoni. Natafuta ule mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, ule mkubwa, wa plastiki tupu. Nitauosha na maji moto, nitaujaribu nyumbani kwa viganja mpaka nijue sauti yake iko wapi. Jumapili nitaupeleka, nimeubeba mkono mmoja, na raba zangu miguuni. Shali ya Esta, iliyorudi nami nyumbani ikiwa imefunika ngoma, nitakuwa nimeifua na kuipiga pasi, nitampa mlangoni, bila neno.

Halafu nitamsogezea mtungi. Kiberiti anacho. Auchome, anuse.