Tawi Nililoliondoa Njiani

Jumamosi, mwezi wa sita. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kung'ata vidole, halafu mchana jua likatoka ghafla.

Shajara yangu, leo nimeshinda. Naanza na hilo kwa sababu miguu inaniuma, suruali yangu nyeupe imekwenda na maji, na nikianza kwa utaratibu nitasinzia kabla sijafika penye utamu.

Nimeshinda, jamani!

Haya, turudi nyuma. Unajua Loma anataka kunioa. Unajua pia baba yake hajatuma washenga kwetu Old Moshi, na sababu ya kutotuma ni mimi. Mzee hajawahi kuniona hata mara moja, lakini alishatoa hukumu yake: "Mchaga wa mjini, muuza mapazia. Huku mlimani atafanya nini, atawatundikia ng'ombe mapazia?" Loma alinisimulia akicheka. Mimi nilicheka naye, kisha nikaingia chooni nikalia.

Nina miaka thelathini na saba. Uchumba umeshanivunjikia mara mbili, na mara zote mbili nilijiambia ni mipango ya Mungu. Safari hii sikutaka mipango ya Mungu, nilimtaka Loma. Mzee alikubali nipelekwe aniangalie, akishaniangalia ndipo aamue. Siku ya kuangaliwa ilikuwa leo.

Loma, mwanaume huyu, aliniambia nije kama mtalii. Njoo Jumamosi, tutakupeleka kwenye maporomoko, utapiga picha, utakula, utamsalimia mzee, basi. Nami nikavaa kitalii: suruali nyeupe, raba mpya, simu imejaa chaji.

Kijiji chao, cha Waarusha, kimekaa mgongoni mwa kilima juu kabisa ya mji wa Arusha, upande mmoja mto Themi, upande wa pili korongo. Kuna kanisa la Kilutheri, mashine ya kusaga, maduka mawili matatu na kijisoko cha ndizi na parachichi. Bodaboda ilinishusha kanisani nikasimama pale nikishangaa. Mimi Themi naufahamu kule chini, karibu na duka langu, ukiwa umebeba chupa za plastiki na mapovu ya sabuni, na kila nikipita darajani naziba pua. Kumbe huku ulikozaliwa ni mto mzuri hivi! Maji yanaonyesha mawe ya chini, moja moja.

Nyumbani kwao sikumkuta mwanaume hata mmoja. Alikuwepo mama yake Loma, ambaye wote wanamwita Yeyo, anakoroga loshoro, makande yao ya mahindi na maziwa ya mgando, kwenye sufuria kubwa, na binti yake Nai. Nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa, Yeyo akaniwekea kiganja utosini. Akanitazama suruali. Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye sufuria yake.

Nai ndiye aliyenipa habari. Mvua za masika zilibomoa banio, pale mfereji wao unapochukua maji kutoka mtoni. Wiki nzima mashamba ya chini hayajapata tone. Kwa hiyo wazee wameitisha kazi leo, kila nyumba itoe wanaume, na Loma kabebwa na baba yake kabla hata hajanywa chai. Mzee aliyekuwa aniangalie yuko mtoni na jembe.

Nilitaka kugeuza. Kweli, nilitaka. Nikafikiria raba zangu, nikafikiria umbali wa kurudi. Yeyo akamkabidhi Nai ndoo ya loshoro ya wanaume, akasema nimfuate, maporomoko yako njia hiyo hiyo, angalau nisirudi mjini bila kuona kitu.

Sasa hapa sikiliza. Nimeishi Arusha miaka kumi na minne. Nimeuza mapazia kwa wageni waliotoka mwisho wa dunia kuja kuona Meru. Mimi mwenyewe sikuwahi kupanda hata kilima kimoja, nilidhani ni mambo ya wazungu. Leo nimepita katikati ya kahawa na migomba, nikashuka korongoni nikishika mizizi, nikakanyaga maji ya baridi mpaka meno yakagongana. Mbega walikuwa juu yetu, mikia myeupe inaning'inia, wanatutazama kama majirani wenye umbea. Halafu kona moja, na maporomoko yale hapo! Maji yanaanguka kutoka juu kwenye ukuta wa majani mabichi, upepo wake unalowesha uso, na mngurumo unaingia mpaka kifuani. Nilipiga kelele kama mtoto. Nai alinicheka mpaka akakalia ndoo.

Pembeni kuna njia ya kupanda juu ya maporomoko. Nai alikuwa anatoa kijiwe kwenye kiatu, nikamwambia natangulia, nataka picha ya kutoka juu.

Njiani nikakuta tawi bichi limelala katikati. Nikadhani limeangushwa na upepo. Nikafikiria Nai na ndoo yake, asije akajikwaa. Nikaliokota, nikalitupa pembeni, nikapita. Nilijiona muungwana kweli.

Lo!

Nimelelewa mlimani, Shajara, usinione hivi. Marehemu babu yangu alikuwa mwangalizi wa mfereji kule kwetu. Wajukuu wa kiume wote walikuwa mjini, basi nilipokuwa mtoto mimi ndiye niliyembebea maganda ya migomba wakati wa kuziba. Najua vizuri kwamba mwanamke mzima hafiki kwenye banio. Chakula unakiweka kwenye mpaka, unaita, unarudi. Lakini kwetu mpaka ni masale, yale majani marefu ambayo Mchaga akiyaona hata usingizini anasimama. Macho yangu yalizoea masale. Nani aliniambia Waarusha wanalaza tawi?

Nikatokea juu na simu yangu mkononi, na wanaume kama ishirini wako kwenye maji. Wote wakasimama wima. Nyuma yangu Nai alikuwa anapiga yowe nirudi, ila mngurumo ulimmeza. Nikamwona Loma, uso umemshuka. Pembeni yake mzee mrefu, jembe begani, anaangalia suruali yangu nyeupe. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Ndivyo baba mkwe alivyoniona mara ya kwanza.

Nilipaswa kukimbia. Lakini macho yalishaona kazi yao. Walikuwa wanapanga viroba vya mchanga, na maji yanapita chini ya viroba yanacheka. Asubuhi nzima wanaziba juu, mto unatoboa chini. Mdomo wangu ukanitangulia, kama kawaida yake. Nikasema, "Shikamooni wazee. Samahani, ila viroba hivyo havitakaa. Mawe kwanza, kisha maganda ya migomba, kisha mabonge ya udongo yenye nyasi, nyasi zitazame chini."

Kijana mmoja akaguna kwamba sasa tunafundishwa na mapazia. Kumbe habari zangu zilishazunguka kilima kizima!

Aliyeniokoa ni Mzee Loishiye, mwangalizi wa mfereji, kizee kifupi chenye kofia ya sufu. Akasema baba yake alikuwa anaziba hivyo hivyo, wao ndio waliohamia kwenye viroba kwa sababu ya uvivu. Akaniuliza nimetoka mlima upi. Nikasema Kilimanjaro. Akasema, "Aa. Hawa nao wanayajua maji." Akawatuma vijana migombani.

Mengine sijui niliyafanyaje. Najua niliingia majini na suruali yangu. Najua niliteleza nikakaa kitako, mto ukanipita kifuani, na wanaume wote wakacheka, na mimi nikacheka, na baada ya hapo hakuna aliyeniona mgeni kwenye ile kazi. Tukapanga maganda yakilaliana, kichwa kikitazama maji yanakotoka. Loma ananipasia mabonge, mimi napiga kwa kisigino kama babu. Baba yake alikuja tu akasimama upande niliosimama mimi, pale maji yanaposukuma zaidi, akawa anaziba.

Maji yakasita. Yakapanda. Yakageuka yakaingia mferejini.

Ungesikia zile kelele! Watu wazima wanaruka kwenye tope! Vijana wakakimbia kando ya mfereji wakiyasindikiza maji kushuka kijijini, na kutoka chini tukasikia wanawake wakiyapokea. Ukungu ulikuwa umeondoka. Nikageuka mashariki, na kule mbali, juu ya mawingu, Kibo imekaa nyeupe. Mlima wetu. Nikasema moyoni, babu, umeona?

Nilidhani imeisha.

Mzee Loishiye akagonga fimbo kwenye jiwe, watu wakanyamaza. Akauliza nani aliondoa tawi.

Nikanyoosha mkono, maji yanachuruzika kwenye kiwiko. Nikasema ni mimi, nilidhani limeangushwa na upepo. Wakacheka, yeye hakucheka. Akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na leo tumepona, asante. Lakini sheria ni msumeno. Mwanamke akivuka tawi faini ni dume la mbuzi, na faini ya mwanamke inatolewa na nyumba yake.

Kisha akauliza, "Huyu ni wa nyumba ipi?"

Hakuna aliyecheka tena. Loma akafungua mdomo, Mzee Loishiye akamkatiza: "Wewe nyamaza, huna nyumba bado." Akasema kama binti ni mgeni, basi faini iende kwao Moshi, baba yake ailete.

Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe huna mdomo. Niliwaza: faini ikienda Moshi, hiyo ndiyo barua yangu ya kukataliwa, na imesomwa mbele ya wanaume ishirini. Ya tatu. Nilikuwa natazama raba zangu, zimejaa tope, nikawa najisemea usilie, usilie, angalau subiri ufike kwenye migomba.

Baba yake Loma alikuwa anakwangua udongo kwenye jembe kwa kijiti. Aliendelea kukwangua. Akakwangua upande mmoja, akageuza, akakwangua wa pili. Hakuinua hata macho.

"Moshi ni mbali," akasema. "Mbuzi atatoka zizini kwangu."

Basi. Hayo tu. Akaendelea na jembe lake.

Loma alinishika bega akaliachia haraka, maana wazee wapo. Mngurumo ulikuwa umepungua, na kutoka chini kwenye njia kikapanda kigelegele kimoja kirefu, ni Nai, amesimama na ndoo yake upande wake halali wa mpaka. Na mimi niliyejikataza kulia nililia mbele za watu, kwa sauti, makamasi na yote, wala sijutii.

Dume lilichinjwa jioni uani. Yeyo alinivisha kitenge chake kikavu na kuichukua suruali yangu kwa vidole viwili, akasema hii sasa ni ya kudekia. Nyama ilipoiva, mzee mwenyewe alikata kipande, akaniita. Nikaenda nikainamisha kichwa. Kiganja chake kizito kikatua utosini, bado kina ubaridi wa mto. Akanipa nyama mkononi.

"Kula faini yako, mwanangu."

Nimekula. Ilikuwa tamu, na nimerudia mara mbili.

Nikampigia mama Old Moshi nikiwa bado uani. Nikamwambia mzee amesema washenga watakuja baada ya mavuno, aanze kufikiria pombe ya mbege. Simu ikawa inakwaruza tu, nikadhani mtandao unakata. Kumbe analia. Alipomaliza kulia akauliza mbuzi alikuwa mkubwa kiasi gani, maana na sisi tutamrudisha, na sisi haturudishi pungufu. Huyo ndiye mama yangu.

Sasa niko nyumbani, huku chini kando ya Themi, nimeloweka miguu kwenye beseni. Mto nausikia kutoka hapa. Jumatatu nikipita darajani nitayatazama maji yale vizuri, na chupa zile nitaanza kuziokota, hata kama watanicheka. Nitaanza na zilizo nyuma ya duka langu mwenyewe.

Kuna kitu kimoja sijakuandikia. Wakati tunashuka kutoka kwenye banio, nilipofika pale njiani nilisimama. Tawi lilikuwa bado kwenye majani nilikolitupa. Nikaliokota, nikalipangusa, nikalilaza katikati ya njia kama nilivyolikuta. Baba mkwe alikuwa nyuma yangu na jembe lake, akaniuliza nafanya nini tena.

Nikamjibu, "Nalirudisha, baba. Asije mgeni akapita."