Vibete Viwili na Baiskeli ya Baba

Ifakara, Jumatatu

Kaka Evod, shikamoo.

Huku tumeshavuna, na mwaka huu mpunga umekubali. Barua yako ya vibete vya kahawia nimeisoma mara tatu. Kumbe ni majirani zetu huko angani, viwili vilivyoshindwa kuwaka kama nyota, vinazungukana, nanyi wapima nyota mnajua uzito wa kimoja kwa kupima, miaka na miaka, jinsi kinavyomyumbisha mwenzake.

Umeniuliza Baba anaendeleaje tangu tumzike Mama, nami nimekuwa nakwepa. Hukuwepo msibani, sikutaka kukuongezea.

Jana nilikuwa nyuma yake, kila mtu na baiskeli yake, tukienda kanisani. Unakumbuka Mama alivyokaa upande kwenye keria, miguu kushoto, Baba akiegemea kulia ili wasianguke? Keria ni tupu sasa, na bado anaegemea. Tulipofika pale darajani ambapo Mama alikuwa akishuka kwa kuogopa maji, Baba alifunga breki, akakanyaga chini, akasubiri ashuke.

Hivyo vibete vitawasubiri, kaka. Njoo.

Mdogo wako,
Stumai