Kitimoto kwenye Masufuria ya Kanisa

Jumapili

Nina hasira! Kitimoto! Mzee wa kanisa mzima, Mzee Elia, kapika kitimoto kwenye masufuria makubwa ya kanisa, kwenye sherehe ya mavuno leo, wala hakuniuliza mimi ninayeyatunza.

Sisi Wakristo wa mtaa huu wa Dunda ni wachache, hata mabenchi hatuyajazi. Lakini majirani zetu Waislamu wakiwa na msiba au harusi, wali wao unapikwa kwenye masufuria yetu. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za mama, na nguruwe hajawahi kuyagusa.

Nilipomfokea, akacheka. “Si yataoshwa, Mama Neema? Kwani tunahubiri kwa masufuria?”

Ndiyo, mzee! Kwa masufuria! Mahubiri yako nani anayakumbuka?

Jioni akaja Bi Mwanaidi, jirani yangu. Kafiwa na kaka yake, wanazika kesho. Akaniomba masufuria kama kawaida. Ningenyamaza asingejua.

Nikamwambia.

Akainamisha kichwa. “Ahsante kwa kunistahi, mwanangu.” Akaenda kuazima kwingine.

Kesho nitakwenda msibani kwake mikono mitupu. Haijapata kutokea.