Rangi Juu ya Maji ya Mlenda

Nyahanga, Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka, na vumbi la barabara yetu limelala. Niliamka na usingizi ambao haujaniacha mpaka sasa jioni. Sio uchovu. Ni ile hali ya kuzunguka ndani ya nyumba huku akili inaelea kwingine, na leo kila kitu kilikuwa kinaelea kweli.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: niliolewa mwaka jana na mwanamume aliyefiwa na mkewe, nikawakuta Kulwa na Doto, mabinti mapacha wa darasa la pili. Baba yao yuko machimboni upande wa Geita, anakuja akipata nafasi. Wananiita anti. Wananiamkia vizuri, wanakula nilichopika, wanaosha vyombo bila kutumwa. Wageni hunisifia kwa hilo. Mimi natamani siku moja wanigomee, kama watoto wanavyomgomea mtu wao.

Sijawahi kuwasikia wakimtaja mama yao mbele yangu.

Leo nilitaka tutengeneze karatasi za kujalidia madaftari. Niliona kwenye simu watu wakidondosha rangi juu ya maji, wanaichora kwa kijiti, wanalaza karatasi na kuiinua ikiwa imebeba mawimbi yote. Sisi tulikuwa na rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka mlango, bluu na nyekundu, na mafuta ya taa kidogo ya kuilainisha. Nikajiona fundi.

Jaribio la kwanza lilikuwa kichekesho. Kwenye maji ya kawaida rangi ilikimbia hovyo, ikajikusanya pembeni mwa beseni, na karatasi ikatoka na doa moja la aibu. Doto alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye simu walisema maji yatiwe unga fulani ili yawe mazito, unga ambao sijawahi kuuona duka lolote hapa Kahama. Doto akauliza kwa nini tusitumie maji ya mlenda, mbona nayo ni mazito na yanavutika.

Nusura nimwambie chakula hakichezewi. Lakini jirani yetu Mama Salma, anayeuza mboga, alikuwa na bamia zilizokomaa ambazo hakuna wa kuzinunua. Alitupatia kapu zima, akaniuliza mbele ya watoto kama hamu hiyo ya mlenda ina habari njema nyuma yake. Nilimwambia habari yenyewe ni ya madaftari. Tukazichemsha na kipande cha magadi, tukachuja kwa kitambaa, tukaacha maji yapoe. Nyumba nzima ilinukia mlenda.

Beseni lilikuwa jembamba, nikataka chombo kipana. Ukutani nyuma ya jiko, juu kabisa karibu na bati, kulikuwa na karai kuukuu kwenye msumari. Nilipanda kigoda nikalishusha, nikalifuta vumbi, nikamimina ule mlenda, nikadondosha bluu, kisha nyekundu. Safari hii rangi haikukimbia. Ilifunguka taratibu, ikatulia juu ya maji, na mimi nikabaki nimeinama pale nikiitazama, nimesahau hata kwamba nina watoto.

Ndipo nikagundua kwamba nafurahi peke yangu.

Kulwa alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Doto alimtazama dada yake, kisha akatazama sakafu. Nikauliza kuna nini.

"Hilo ni karai la mayu," Kulwa akasema.

Mayu, yaani mama, kwa Kisukuma cha kwao. Nilijua marehemu alikuwa akifanya kazi mwaloni, kule wanawake wanakoosha mchanga kutafuta dhahabu. Sikuwahi kuuliza alikuwa akiuoshea kwenye nini. Nimelipita karai lile kila siku nikiingia jikoni, nikidhani ni chombo cha mpangaji aliyehama.

Na rangi ya mafuta haitoki. Nikalishika ili nikamwage haraka, Kulwa akaja akashika upande wa pili. Nilidhani ananinyang'anya, nikaliachia. Nilistahili.

Hakulichukua. Alichuchumaa, akalishika kingo kwa mikono miwili, akaanza kuliyumbisha kwa mzunguko, polepole, kwa mkono wa mtu aliyewahi kufundishwa.

"Mayu alikuwa anazungusha hivi."

Rangi zikafuata. Kwa uzito wa mlenda zilikwenda kivivu, bluu ikiingia ndani ya nyekundu, duara ndani ya duara. Doto alilaza karatasi bila kuambiwa. Alipoiinua, mzunguko wote ulikuwa pale.

Baada ya hapo hawakunyamaza. Walisimulia kwa pamoja, wakikatizana: jinsi alivyowaita waje watazame kinachong'aa chini ya karai, jinsi walivyookota vipande vya chupa wakidhani wametajirika, jinsi alivyowacheka mpaka akaloa machozi. Nitasema ukweli, nilisikia wivu. Nilimwonea wivu marehemu, Mungu anisamehe. Kisha wivu ukapita, nikabaki nadondosha rangi na kusikiliza. Waligombania zamu ya kuzungusha, na mimi sikuwaamulia.

Baba yao alipopiga simu nilimweleza yote.

"Nililipandisha juu wasilione kila siku," akasema. Akauliza kama walilia. Nikamwambia wanapigania zamu. Akacheka kidogo, kisha akavuta pumzi ndefu.

Alasiri mlenda ukaisha. Karatasi zikawa zimejaa kwenye kamba jikoni. Nikakaa na karai, mafuta ya taa na majivu, nikasugua. Nyekundu ilitoka. Bluu ilibaki imeganda kuzunguka ukingo. Nilikuwa naendelea kusugua Kulwa aliponipokonya kitambaa mkononi.

"Usisugue. Sitaki."

Akaondoka nacho. Sikumkaripia. Niligeuka nikajifanya natafuta kiberiti, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Muda si mrefu nikasikia kugonga nyuma ya jiko. Kulwa alikuwa ameshika jiwe na msumari, Doto akiwa mwelekezi. Waliponiona, Doto akaniambia nisimame pale ukutani, niinue mkono, ila nisichuchumie. Nikasimama. Kulwa akapanda kigoda, akapigilia msumari pale kiganja changu kilipoishia, akatundika karai.

Kesho nikilihitaji, sitapanda kitu.