Mahali Alipofia Babu

Jumamosi, 28 Oktoba 2006
Likizo ya Idi imekwisha, vituko vimeanza. Mwalimu mkuu wa shule yetu katika nchi hii ya Waarabu, Mwingereza, anataka maonyesho ya Vita Kuu ya Kwanza tarehe 11 mwezi ujao. Mwalimu wa historia ni mimi, basi mzigo ni wangu. Ramani aliyoleta inaishia Sisili. Nikamuuliza Afrika iko wapi. Akasema ukuta hautoshi.
Vita vya dunia — ukuta hautoshi!

Jumapili, 29 Oktoba
Nimewaeleza darasa la tisa: mrithi wa mfalme kapigwa risasi Sarajevo, Mwingereza na Mjerumani wakagombana, wakaja kupigana Tanga. Aseel akauliza watu wa Tanga walimkosea nini huyo mrithi wa mfalme. Miaka ishirini nafundisha! Nikawapa kazi ya nyumbani.

Jumatano, 1 Novemba
Tangazo: mfanyakazi aliyefiwa na ndugu katika vita ile alete jina. Litasomwa mbele ya wageni, na familia itapewa cheti. Nimefurahi kama mtoto! Babu Okelo alichukuliwa na Waingereza mwaka 1917 akabebe mizigo ya jeshi. Hakurudi. Baba alizaliwa miezi mitatu baadaye.
Nimejaza fomu. Cheo: hakuna. Kikosi: wapagazi. Silaha: kichwa.

Ijumaa, 3 Novemba
Wesley, mdogo wangu, kapiga simu kutoka nyumbani kwetu Siaya. Baba amegoma kula. Ana miaka themanini na tisa, na anasema haingii kaburini kabla ya baba yake. Kwetu aliyepotea ugenini huzikwa kwa tunda la yago, refu kama mkono, badala ya mwili. Lakini wazee wa ukoo wanataka kwanza kujua alifia wapi, ili roho yake iitwe kutoka huko. Na wanataka karatasi yenye muhuri! Mmoja kasema huenda marehemu bado yuko njiani. Angekuwa na zaidi ya miaka mia!
Nimecheka, halafu nikaogopa. Baba hatanii.

Jumapili, 5 Novemba
Mwalimu mkuu kaniita, kanipa chai. Mpole sana. Rafiki yake wa London amepekua nyaraka: wapagazi hawakuandikwa majina, walikuwa wengi mno. Nyumbu wa msafara wao, wale chotara wa punda na farasi, wameandikwa, kila mmoja na namba yake. Basi anapendekeza Babu asomwe mwishoni, kwenye fungu la "Wanyama na Usafiri". Eti ni heshima.
Nikamshukuru! Mdomo huu! Nimejichukia njia nzima hadi nyumbani, Wadi Kabir.

Jumanne, 7 Novemba
Nimemsimulia Shaikha wa maktaba, ambaye kwao ni Unguja. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakasirika.
"Mwalimu, mie nna kompyuta na muhuri wa skuli nnao. Cheti ntakuandikia. We nambie tu kafia wapi."
"Sijui."
"Basi chagua. Wazungu si waligawana nchi kwa rula?"
Nikasema nitafikiri. Mimi, mwalimu wa historia!

Ijumaa, 10 Novemba
Wesley tena. Baba sasa hanywi hata maji.

Jumamosi, 11 Novemba
Babu kasomwa baada ya farasi. Makofi machache, ya adabu. Cheti cha mwalimu mkuu kinasema: Mahali — hapajulikani.
Nikaenda maktaba moja kwa moja. Simu ikalia, ni Wesley: tunda limeshakatwa, kaburi liko tayari, wazee wamekaa, Baba ametolewa nje na kiti chake. Shaikha kaweka vidole kwenye kibodi, ananitazama.
Nikasema, "Mahiwa." Jina la kwanza la uwanja wa vita lililonijia kutoka kitabu cha darasani. Akaandika, akagonga muhuri. Nikawasomea wazee kwenye simu, neno kwa neno. Wakaridhika!
Kisha Wesley akamwekea Baba simu sikioni. Hakuuliza muhuri. Aliuliza kama huko kuna maji, maana baba yake alikuwa mtu wa ziwani na mizigo ilikuwa mizito.
Nikamwambia ndiyo, Baba, mto upo.
Nikamsikia anaomba maji, nikamsikia anakunywa. Mimi nalia mbele ya Shaikha, sina hata haya.
Kisha Baba kauliza swali jingine, nami nimewaambia nitapiga tena baada ya dakika tano. Shaikha anafunua atlasi kwa haraka. Dakika tano zimepita, simu inalia, wazee wote wamesimama kaburini — na Baba bado anataka kujua mto huo unaitwaje.