Nani Kachinja Mbuzi wa Kanisa?

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako na unisamehe kwa haraka, nina furaha na hofu pamoja, maana kesho kutwa Jumapili kanisa la usharika wetu hapa Korogwe mjini linafunguliwa, lile lililoezuliwa na upepo tukasali chini ya turubai miaka miwili, sasa limesimama, bati jekundu, vioo madirishani, kila nikipita napiga kigelegele peke yangu! Na hatukujenga wenyewe tu, majirani zetu Waislamu wamebeba maji ya zege tangu msingi, wa mbele akiwa dada Zamda, fundi wa pilau mtaani kwetu, basi mimi kama mkuu wa jiko nikamwambia Jumapili pilau ni lake na mtaa mzima unakula, akacheka, "Asnath we, siku hiyo mtagombania ukoko!" Sasa kwa kiherehere changu nikasahau kumwita mumewe, mzee Ukasha, aje achinje kama tunavyofanya kwenye shughuli zote, na leo asubuhi Simeo wa kwaya kachinja mbuzi wote wanne, nyama iko kwenye friji, na Grasiana mwenzangu wa jikoni ananiambia ninyamaze, nani atajua, nami nusura nikubali. Nifanye nini?

Asnath, Korogwe

Asnath mdogo wangu, hongereni sana! Nimepiga kigelegele hapa ofisini mpaka wenzangu wakanishangaa.

Sasa tusikilizane. Nani atajua? Wewe unajua, Grasiana anajua, Simeo anajua, na Jumatatu mtaa mzima utajua. Zamda alibeba ndoo kichwani kwa ajili ya kanisa asimosali, halafu umwache apike na kuwalisha wanawe nyama isiyo halali kwake? Aibu! Kusahau nakusamehe. Kumdanganya, hapana.

Mwendee leo hii, kwa miguu yako, si kwa simu. Mwambie umesahau, wala usimsingizie Simeo. Kisha mpe mzee Ukasha shikamoo yake, umwombe achinje mbuzi wengine kesho. Nyama iliyopo wagawieni wanakwaya wakapike kwao, isifike kabisa kwenye jiko la sherehe. Wazee wa kanisa wakinuna, waambie nimesema mimi.

Zamda atakufokea. Mwache afoke, umeyataka mwenyewe. Akishamaliza atakuuliza kama mchele umeshachambuliwa, na hapo ndipo kanisa lenu litakuwa limefunguliwa.